Nyumba Haikuteketea, Iliteketezwa

Hotuba kwa wanafunzi wa uanahabari, Mombasa, Siku ya Uhuru wa Vyombo vya Habari Duniani

Mwenyekiti wa kikao, walimu, wenzangu wa kalamu na wa kamera, na nyinyi wanafunzi ambao hasa kwa ajili yenu nimesafiri: asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Kila tarehe 3 Mei tunazungumza juu ya wanaotuziba mdomo. Ni haki yetu. Siku hii ilitokana na wanahabari wa Afrika waliokutana Windhoek, Namibia, mwaka 1991, wakadai magazeti yasiyofungwa kamba na serikali. Lakini mimi nimekuja na shauri la ndani ya nyumba. Nataka tuzungumze juu ya yale ambayo hakuna aliyetuzuia kuyasema. Tulikuwa nayo mkononi, ni kweli tupu, tukayaacha wenyewe. Halafu tunashangaa kwa nini watu hawatuamini.

Nimefanya kazi kwenye dawati la Kiswahili kwa miaka mingi. Maripota waliniletea habari, mimi nikazipunguza zitoshee ukurasa na kuzipa vichwa. Kwa hiyo mkono uliokuwa ukikata ni huu wangu. Nikisema "tulikosea" leo, jueni najihesabu wa kwanza.

Niwarudishe Januari 2008. Wengi wenu mlikuwa wachanga, wengine hamjazaliwa. Tulipiga kura tarehe 27 Desemba 2007. Jioni ya tarehe 30, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, Samuel Kivuitu, akamtangaza Mwai Kibaki mshindi, na jioni hiyo hiyo Kibaki akaapishwa Ikulu. Serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Nchi ikawaka. Siku ya mwaka mpya kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto na ndani yake mlikuwa na watu, wengi wao wanawake na watoto waliokimbilia humo. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia hizo, baadaye ilihesabu waliouawa nchini kuwa 1,133.

Mimi nilipelekwa Nakuru. Uwanja wa maonyesho ya kilimo ulikuwa umegeuka mji wa mahema. Vumbi lilipanda hadi kwenye nyusi za watoto, na foleni ya maji ilianzia penye banda la ng'ombe wa maonyesho. Nilibeba nakala kadhaa za gazeti letu, kwa sababu watu wa kambini walikuwa na kiu ya habari kuliko tulivyodhani. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, alikuwa ameketi juu ya debe lililopinduliwa. Alipokea gazeti kwa mikono miwili, akavaa miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, akausoma ukurasa wa kwanza kimya kimya. Kisha akatoa kalamu nyekundu mfukoni mwa koti. Alikuwa amekimbia na koti hilo, hatimiliki ya shamba, na kalamu ile.

"Binti yangu," akaniuliza, "ni wewe umeandika hapa kwamba nyumba ziliteketea?"

Nikamwambia, "Mwalimu, habari ni ya mwenzangu, lakini kichwa nimekiweka mimi."

"Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na moja," akasema. "Kibanda huteketea mshumaa ukianguka. Yangu haikuteketea. Iliteketezwa. Na waliokuja kuiteketeza nawajua. Mmoja wao nilimfundisha darasa la nne."

Akaliweka gazeti pajani, na kati ya ile e na a ya mwisho katika neno "ziliteketea" akapenyeza herufi mbili, z na w. Akanirudishia kama anavyorudisha daftari la mwanafunzi.

Najua swali mlilo nalo: mzee huyo alikuwa wa jamii gani, na waliomchomea ni wa jamii gani? Sitasema. Aliniomba nisiseme, kwa sababu alitaka kurudi shambani kwake, na nilimpa neno langu. Lakini nawaambia waziwazi kwamba hapa kuna jambo ninalijua na silisemi, na sababu yake ndiyo hiyo. Shikeni hilo, nitalirudia.

Kiswahili chetu kina mlango wa nyuma ambao mwandishi anaweza kumpitishia mtenda asionekane na mtu. Tunasema nyumba zimebomoka, wakati kuna tingatinga na kuna aliyelituma. Tunasema fedha zimepotea, kana kwamba zilitoka benki zikashindwa kukumbuka njia ya kurudi. Risasi zilifyatuka. Damu ilimwagika. Watu walipoteza maisha. Hakuna hata sentensi moja hapo iliyo ya uongo. Ukimshtaki mwandishi mahakamani, atashinda. Lakini mke wa aliyepigwa risasi akisoma kwamba mumewe "alipoteza maisha", anajua papo hapo kuna kitu kimefichwa, na anajua kimefichwa na nani. Wewe uliyeandika.

Na si kila mara ni woga. Mara nyingi ni mazoea tu. Saa nne usiku, ukurasa unasubiriwa kiwandani, kichwa kina nafasi ya maneno manne, na "zateketea" ni fupi kuliko "zateketezwa". Nilichagua neno lile kwa sababu liliingia kwenye safu. Mzee hakuijua sababu hiyo. Yeye aliona gazeti limemuondoa mhalifu.

Kulikuwa na jingine wakati ule, wenye umri wangu mnalikumbuka: "jamii moja". Vijana wa jamii moja waliwavamia watu wa jamii nyingine. Tuliandika hivyo wiki nzima nzima. Nia ilikuwa njema, nailinda hadi leo: hatukutaka gazeti liwe kibiriti. Mtu aliyesoma kwamba watu wake wameuawa mahali fulani angeweza kutoka na panga kulipiza mahali pengine, na hilo lilitokea kweli. Redio za lugha za nyumbani zilikuwa zimeshaonyesha neno linavyoweza kuchochea. Tume ya Waki ililieleza jambo hilo, na mtangazaji mmoja, Joshua arap Sang, alifikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, hadi kesi yake ilipofungwa Aprili 2016. Kwa hiyo tahadhari ilikuwa na msingi. Kosa letu lilikuwa kutowaambia wasomaji. Hatukuandika popote, hata kwa mstari mmoja chini ya ukurasa, kwamba: tumeamua kutotaja makabila kwa sasa, kwa sababu hii, na tutayataja uchunguzi utakapokamilika. Tuliacha tu pengo. Na pengo, msomaji hulijaza mwenyewe. Alitazama jina la mji, akatazama jina la aliyenukuliwa, akajipa jibu, na mara nyingi jibu lake lilikuwa baya kuliko ukweli.

Tarehe 3 Januari 2008 magazeti makuu ya nchi yalitoka na kichwa kimoja, wito wa kuiokoa nchi tunayoipenda. Nililia nilipouona. Bado naona ulikuwa uamuzi wa watu wenye upendo. Lakini siku zile zile, wanablogu wa Kenya, Ory Okolloh akiwa miongoni mwao, walianza kukusanya taarifa za watu wa kawaida, kwa simu na kwa intaneti, na kuziweka kwenye ramani: hapa nyumba zimechomwa, hapa kuna maiti, hapa polisi wamepiga risasi. Mnajua walikiita nini kifaa hicho? Ushahidi. Jina la Kiswahili, lililochaguliwa na watu walioona kwamba ushahidi hawaupati kwetu. Leo programu ile imetumika nchi nyingi duniani na tunajivunia. Mimi kila nikilisikia jina lake husikia pia swali: nyinyi mlikuwa wapi?

Tulichojifunza mwaka 2008 ni kwamba maneno yanaua. Ni kweli. Tukajumlisha vibaya tukapata: basi tunyamaze.

Ndiyo maana 2013 ilikuwa vile ilivyokuwa. Tuliingia kwenye uchaguzi wa Machi tukiwa tumekubaliana, wengine kwa maandishi na wengine kwa kutazamana machoni, kwamba safari hii ni amani. Amani kwenye nyimbo, amani kwenye matangazo, amani kwenye tahariri. Vifaa vya kuwatambua wapiga kura vikafeli vituo vingi. Mfumo wa kurusha matokeo kwa simu ukafeli. Kwenye ubao wa Bomas, ukumbi wa Nairobi matokeo ya nchi yalikojumlishwa, kura zilizokataliwa zilipanda zikapita laki tatu, kisha tukaambiwa ni hitilafu ya programu iliyokuwa ikizizidisha mara nane. Mara nane! Na sisi tulisoma tarakimu zile hewani, tukasoma pia masahihisho yake, tukaendelea na wimbo wa amani. Mwishowe Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi wa urais kwa asilimia 50.07, yaani kura zipatazo 8,400 juu ya nusu katika kura zaidi ya milioni 12. Tofauti ikiwa nyembamba hivyo, kila fomu ni habari. Mahakama ya Juu iliidhinisha matokeo, na siibishi hukumu yake hapa. Ninachosema ni kwamba nusu ya nchi ilikuwa na maswali, na sisi tuliwaona wenye maswali kama watu wanaotaka vita. Kuuliza kukawa uchochezi. Tuliposema "Wakenya wamesubiri matokeo kwa utulivu" tulisema kweli. Tuliacha kusema wengine walisubiri kwa kutuamini na wengine walisubiri kwa sababu walikata tamaa nasi.

Sasa nije kwenye mfano ninaoupenda kuliko yote kwa kufundishia, kwa sababu ndani yake hamna hata chembe ya uongo. Ni uchaguzi wa urais wa Agosti 2022.

Tume ya uchaguzi, IEBC, ilifanya jambo jema sana. Fomu 34A, ile fomu ya matokeo inayojazwa kituoni na kutiwa saini na mawakala, ziliwekwa kwenye tovuti ili kila mwenye simu azione. Vituo vilikuwa 46,229. Baada ya kura ya tarehe 9 fomu zilimiminika, na kila chombo kikubwa cha habari kikaajiri vijana, wakakaa mbele ya kompyuta wakinakili fomu moja moja na kujumlisha. Pengine kuna mmoja wao humu ukumbini.

Jioni ya siku ya pili nilikuwa sebuleni kwa dada yangu, Likoni. Watu kumi na kitu, chai na mahamri, rimoti moja. Stesheni ya kwanza: Raila Odinga anaongoza. Shemeji yangu akapiga kofi la furaha. Mtu akabonyeza rimoti. Stesheni ya pili, saa ile ile: William Ruto anaongoza. Upande wa pili wa sebule ukapiga kelele. Ya tatu ilikuwa na hesabu yake tena. Dada yangu, ambaye hana habari na siasa, akauliza huku akimimina chai: "Kwani wanahesabu uchaguzi mmoja?"

Walikuwa wanahesabu uchaguzi mmoja. Fomu zote zilikuwa halali, na kwa kadiri nijuavyo kazi ile, vijana walizinakili kwa uaminifu. Tofauti ilikuwa ni fomu zipi zimeingizwa kwanza. Ukianza na rundo la fomu za ngome ya huyu, huyu anaongoza. Ukianza na za yule, yule anaongoza. Ukweli ule ule, mpangilio tofauti. Kilichokosekana kwenye skrini kilikuwa mstari mmoja tu wa maelezo: tumeingiza fomu kadha kati ya 46,229, nyingi zikiwa za kaunti hizi, za kaunti hizi bado. Pengine baadhi walikuwa na asilimia ya vituo pembeni kwa maandishi madogo. Sebuleni kwa dada yangu hakuna aliyeyasoma. Macho yalikuwa kwenye picha mbili kubwa na tarakimu zinazokimbia kama taksimita.

Halafu likaja kosa la pili, zito zaidi. Kabla jumla haijakamilika, mbio zile zilipungua, kisha tarakimu zikaganda. Watu walikesha wakisubiri ziendelee. Hazikuendelea. Wala hakuna mtangazaji aliyekaa mbele ya kamera akawaeleza vya kutosha: tumesimama, na hii ndiyo sababu. Tarehe 15 Agosti mwenyekiti wa tume, Wafula Chebukati, akatangaza Ruto kura 7,176,141, Odinga 6,942,930. Makamishna wanne kati ya saba wakayakana matokeo yale. Fikirieni saa ile. Nchi inatazama tume iliyogawanyika, na ingeweza kugeuka kwetu kuuliza: nyinyi mliokuwa mnahesabu wenyewe, mlipata ngapi? Tungekuwa na jumla yetu kamili, tungekuwa shahidi wa pili. Hatukuwa nayo. Hadi Mahakama ya Juu ilipoamua tarehe 5 Septemba kwamba matokeo yanasimama, sisi tulikuwa watazamaji kama shemeji yangu. Na hadi leo, ukimwuliza mfuasi wa aliyeshindwa atakwambia tulisimamishwa ili tusimfichue mwizi, na ukimwuliza mfuasi wa aliyeshinda atakwambia tulisimama kwa aibu ya kuona mgombea wetu anashindwa. Kimya kimoja, tafsiri mbili, na zote mbili zinatuita waongo.

Hapo ndipo nilipoelewa jinsi imani inavyovunjika, na naomba mnisikilize kwa makini. Msomaji hana muda wa kupima habari zetu zote. Lakini kila msomaji ana habari moja anayoijua kuliko sisi. Yule mwalimu wa Nakuru aliijua habari ya nyumba yake. Mama wa sokoni anaijua bei ya unga. Julai 2022 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba pakiti ya kilo mbili itauzwa Sh100, kutoka zaidi ya Sh200. Tukaandika bei imeshuka. Mama akaenda dukani akakuta rafu tupu, au unga wa bei ile ile ya jana. Agizo lilikuwepo kweli. Unga haukuwepo. Sasa mama huyo anachukua habari hiyo moja anayoijua, anaipima na tulichoandika, kisha anatumia kipimo hicho kwa habari zote asizozijua: za Bunge, za bajeti, za Kongo, za Gaza. Anasema, kama wameniacha nje ya habari ya unga, wamemwacha nani nje ya hizi nyingine? Na hana kosa. Hata mimi ningefanya hivyo.

Zamani mama huyo alinung'unika peke yake. Siku hizi ana simu.

Tarehe 25 Juni 2024 nilikuwa nyumbani. Wabunge walikuwa wameupitisha Mswada wa Fedha kwa kura 195 dhidi ya 106, na vijana walioupinga kwa sababu ya kodi zake walikuwa barabarani Nairobi. Mpwa wangu, mwanafunzi kama nyinyi, alikuwa ameketi chini kwenye mkeka, simu mkononi, na mimi kwenye kiti natazama tivii. Kwenye tivii palikuwa na moshi unaotoka kwenye jengo la Bunge, na mtangazaji anarudia: waandamanaji wamevamia Bunge. Mpwa wangu akasema, "Shangazi, hebu tazama huku." Kwenye simu yake kijana amelala barabarani, bendera imemfunika kifua, na wenzake wanainua mikono mitupu. Nikatazama tivii, nikatazama simu. Yote mawili yalikuwa kweli, yalitokea mchana mmoja, eneo moja. Mpwa wangu hakuniuliza ipi ni kweli. Aliuliza, "Mbona hawaonyeshi hii?"

Nisiwaonee wenzangu. Siku ile wanahabari wengi walisimama kwenye moshi na risasi, wengine wakapigwa na kujeruhiwa, na baada ya muda picha za waliouawa zilionyeshwa pia. Tume ya taifa ya haki za binadamu, KNCHR, ilihesabu vifo 39 kufikia tarehe 1 Julai, na hesabu hiyo ilichapishwa. Mwaka uliofuata, tarehe hiyo hiyo, serikali ikaamuru matangazo ya moja kwa moja yasimame na baadhi ya stesheni zikazimwa, hadi mahakama ilipoingilia. Kuna wanaotuogopa tukionyesha yote, na hilo ni heshima kwetu. Ninachozungumzia ni dakika arobaini zile za mwanzo, mpwa wangu alipopata habari mbili na kuziona zinakataana.

Tazameni hata sarufi inavyotutega hapo. Kiswahili kinasimulia kwa -ka-. "Vijana wakaingia Bungeni, polisi wakafyatua risasi." Msikilizaji anasikia kwamba la pili limeletwa na la kwanza. Geuza: "Polisi wakafyatua risasi, vijana wakaingia Bungeni." Sasa hatia imehama, na hujabadilisha hata neno moja. Ikiwa huna uhakika lipi lilitangulia, iache -ka- kabisa. Andika: vijana waliingia Bungeni; polisi walifyatua risasi; bado tunatafuta lipi lilitokea kwanza na wapi. Sentensi hiyo haina mdundo, mhariri wako ataikunjia uso. Itie.

Aprili 2025 BBC ilitoa uchunguzi juu ya mauaji ya siku ile, uliopitia picha na video zaidi ya 5,000, na ukaonyesha baadhi ya waliofyatua risasi. Nyingi kati ya picha zile zilipigwa na watu waliokuwa pale, na zilikuwa zinazunguka mitandaoni tangu siku ya kwanza. Nauliza kwa uchungu: ni nani kati yetu hapa nyumbani aliyekuwa ameketi akazipanga?

Mtaniambia, na nimeambiwa na wahariri ninaowaheshimu: Mama, kila habari ni kuchagua. Siku nzima ya mji haiingii kwenye maneno mia nne. Ni kweli, na asiyejua kukata hawezi kazi hii. Nilikata miaka yote ile na ningekata tena. Swali langu ni juu ya sababu. Kuna kinachoachwa kwa sababu nafasi haitoshi. Kuna kinachoachwa kumlinda mtu, kama nilivyofanya leo kwa mwalimu wa Nakuru. Na kuna kinachoachwa kwa sababu kingemuudhi mwenye tangazo la ukurasa mzima, au mwanasiasa aliye na hisa, au kundi letu wenyewe la watu wanaofikiri kama sisi. Hizo mbili za kwanza unaweza kumwambia msomaji uso kwa uso, naye atakuelewa. Ya tatu huwezi. Basi ukifika usiku kwenye dawati lako, ukakuta umefuta jambo, jaribu kuiandika sababu yako kwa sentensi moja kana kwamba itachapishwa chini ya habari. Mkono ukikataa kuiandika, lirudishe jambo lile.

Na zile sababu mbili za halali, zichapisheni kweli. Miaka yangu ya mwisho kazini nilianza kuweka mistari miwili mitatu chini ya habari kubwa: jina hili tumelificha kwa usalama wa shahidi, polisi tuliwapigia simu hawakujibu, takwimu hii ni ya kaunti mbili tu. Mwanzoni niliambiwa tunajivua nguo. Kisha simu za wasomaji zikabadilika. Zamani walipiga kututukana. Sasa walipiga kusema, "Hiyo kaunti ya tatu mnayosema hamna takwimu zake, mimi nafanya kazi hospitali ya huko, nitawasaidia." Habari mbili kubwa nilizowahi kuhariri zilianzia kwenye mistari ile midogo.

Kuhusu vitenzi, msiogope kumtaja mtenda mnapomjua na mnao ushahidi. Msipomjua, Kiswahili hakijawafungia: "Nyumba ziliteketezwa na watu ambao bado hawajatambuliwa." Hukumsingizia mtu, hukumficha mtu. Herufi mbili za mwalimu zipo mahali pake, na aliyechomewa nyumba anajiona ndani ya sentensi.

Sikurudi tena Nakuru kumtafuta. Nilimuuliza mwenzangu aliyekwenda Machi mwaka ule, akaambiwa mzee amehamia kwa binti yake. Gazeti lile ninalo. Limegeuka rangi ya chai na mikunjo imeanza kuachana, lakini wino mwekundu haujafifia. Nimelileta, liko pale kwenye meza ya usajili ndani ya bahasha ya plastiki. Mkitoka, lisogezeni karibu na dirisha mlione vizuri, ukurasa wa kwanza, kichwa cha pili kutoka juu.

Asanteni.